Maumivu Baada ya Upasuaji wa Goti: Subira Haikatazi Dawa



Mgonjwa anaporejea nyumbani baada ya kupasuliwa goti, aghalabu hupokewa kwa nasaha za namna mbili. Wapo wanaomwambia, "Wewe kijana, vumilia, maumivu ni kafara ya madhambi," naye akaviacha vidonge ndani ya mfuko wake huku akikesha kwa kuugulia. Na wapo wanaomhurumia kupita kiasi, wakamtafutia kwa jirani au kwa rafiki dawa iliyo kali kuliko aliyoandikiwa, ili alale usingizi mzito na asisikie chochote. Makundi yote mawili yana nia njema, na yote mawili humdhuru mgonjwa.

Ni kweli kwamba muumini hulipwa kwa subira yake. Lakini Mtume wetu (SAW) aliwahimiza watu kutafuta matibabu, wala kumeza dawa ya maumivu hakuondoi malipo ya mwenye kusubiri. Wiki hii, kwa tawfiki ya Allah, tutaeleza namna ya kuyadhibiti maumivu ya upasuaji wa kano ya goti kwa dawa za kawaida zisizolevya, na kwa nini kufanya hivyo kwa mpango ndiko kunakoamua kama goti litapona vizuri au litabaki gumu.

Goti hufanyiwa nini?

Ndani ya goti mna kano mbili zinazopishana mfano wa msalaba, zinazoushikilia mfupa wa paja na wa muundi visiteleze. Ile ya mbele, ambayo madaktari huiita kwa kifupi ACL, ndiyo inayokatika mara nyingi kwa wachezaji wa mpira, hasa mchezaji anapogeuka ghafla ilhali mguu umekwama ardhini. Mashabiki wa soka wanakumbuka jinsi beki wa Liverpool, Virgil van Dijk, alivyoumia kano za goti mwezi Oktoba 2020 na kuukosa msimu wote uliosalia. Vijana wetu wa viwanja vya mitaani nao huumia vivyo hivyo, na wapo wanaoumia kwa kuanguka na pikipiki au kuteleza ngazini.

Kano hii ikishakatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe. Daktari wa mifupa huchukua kipande cha kano nyingine ya mgonjwa huyohuyo, ama ya nyuma ya paja, ama ile iliyo chini ya kifuniko cha goti, ama ya juu ya kifuniko hicho. Kisha hutoboa njia katika mifupa miwili ya goti, akaipitisha kano mpya humo na kuifunga. Nchini Tanzania upasuaji wa goti kwa kamera na matundu madogo hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na katika baadhi ya hospitali nyingine.

Kwa hiyo msomaji asidanganywe na udogo wa makovu. Nje huonekana vitundu viwili vitatu na mshono mfupi, lakini ndani mfupa umetobolewa, kano imechunwa mahali pake, na goti limejaa maji na damu. Maumivu yake ni ya kweli, na hutoka sehemu tatu kwa wakati mmoja: mifupa iliyotobolewa, mahali palipochukuliwa kano, na uvimbe unaolibana goti kutoka ndani. Kwa kuwa chanzo si kimoja, dawa moja pekee, hata iwe kali namna gani, haitoshi.

Usiku wa kwanza ndio wenye mtego

Kabla au baada ya upasuaji, daktari wa usingizi mara nyingi huchoma sindano ya ganzi karibu na mshipa wa fahamu wa paja. Ganzi hiyo hudumu kwa muda wa saa 12 hadi 24 hivi. Mgonjwa hurudi wodini au nyumbani akiwa mchangamfu, akipokea wageni na kuwaambia kwamba haumwi hata kidogo. Jamaa nao humshukuru Mola na kuviweka vidonge kando.

Kisha, mara nyingi katikati ya usiku, ganzi huisha. Maumivu huja kwa kishindo, na dawa ya kumeza huhitaji nusu saa hadi saa nzima ili ianze kufanya kazi. Hapo ndipo nyumba nzima huamka, na hapo ndipo hutafutwa ile "dawa kali". Balaa hili huepukika kwa jambo jepesi: mgonjwa aanze kumeza dawa zake ganzi ingalipo, kwa saa alizopangiwa, hata kama haumwi. Kuzuia maumivu yasipande ni rahisi kuliko kuyateremsha yakishapanda. Na muda wote ambao mguu una ganzi, asisimame bila magongo na bila mtu wa kumshika, kwani msuli wa paja huenda haumtii, akaanguka na kuiharibu kano aliyowekewa.

Kwa kawaida siku tatu za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Baada ya hapo maumivu hupungua siku hadi siku, na wengi baada ya wiki mbili hubaki na maumivu wanayoweza kuyastahimili, yanayoongezeka wakati wa mazoezi na usiku.

Kwa nini si dawa za afyuni?

Kwa miaka mingi, hasa Marekani, mgonjwa wa namna hii alipewa chupa ya vidonge vya jamii ya afyuni aende navyo nyumbani. Katika jamii hiyo zimo mofini, kodeini, pethidini na tramadoli. Dawa hizi hutuliza maumivu kwa nguvu, lakini zina ada zake. Huleta kichefuchefu, kufunga choo na usingizi mzito. Mtu anayetembea kwa magongo huku akisinzia huanguka. Zikizidi, hupunguza pumzi hadi kuua. Na zikizoeleka, mwili huzidai. Nchi ya Marekani, ambayo kwa kiasi kikubwa ilianza mkasa wake kwa vidonge vilivyoandikwa na madaktari, ilipoteza zaidi ya watu 80,000 katika mwaka 2021 pekee kwa sababu ya kuzidisha dawa za jamii hii, zikiwamo zile zinazouzwa kwa magendo. Kwa upande wa bara letu, tramadoli imekuwa kileo cha vijana katika nchi kama Nigeria, Ghana na Misri, na kwetu pia wapo wanaoijua kwa matumizi yasiyo ya tiba.

Je, inawezekana kuziepuka bila ya mgonjwa kuteseka? Mwaka 2022 jarida la tiba liitwalo JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa katika mji wa Hamilton, Kanada, kwa wagonjwa 200 waliopasuliwa goti au bega kwa kamera. Nusu yao walitibiwa kwa desturi iliyozoeleka, yaani kwa dawa za afyuni. Nusu nyingine walipewa naprokseni, ambayo ni dawa ya kupunguza uvimbe, pamoja na parasetamoli na dawa ya kulinda tumbo, wakaelimishwa namna ya kuzitumia, na wakaachiwa kiasi kidogo tu cha afyuni kama akiba ya dharura. Baada ya wiki sita ilionekana kwamba angalau nusu ya wagonjwa wa kundi hili la pili hawakuigusa ile akiba kabisa. Na walipoulizwa kuhusu maumivu, hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi mawili.

Hapa hapana budi tuseme neno ili tusieleweke vibaya. Dawa ya afyuni aliyoiandika daktari kwa haja ya kweli, kwa kipimo na kwa siku chache, si ulevi na wala mgonjwa asione aibu kuitumia. Mgonjwa wa saratani anayehitaji mofini apewe mofini. Tunachokikataza ni kuifanya silaha ya kwanza mahali ambapo silaha nyepesi zinatosha, na kuichukua kwa rafiki au dukani bila ya cheti cha daktari.

Ratiba ya dawa

Mpango unaotumiwa na madaktari wengi leo una nguzo mbili, nazo husaidiana kwa sababu kila moja hufanya kazi kwa njia yake.

Nguzo ya kwanza ni parasetamoli, ambayo wengi huiita Panadol. Watu huidharau kwa kuwa ni ya bei nafuu na inapatikana kila duka. Lakini ikimezwa kwa saa maalumu, bila ya kuruka, ni msingi imara. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi kwa kawaida huandikiwa vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita. Kiwango cha juu ni gramu 4, yaani vidonge vinane, ndani ya saa 24. Zaidi ya hapo ini huungua, na mara nyingine mgonjwa hajitambui kwamba anaumia mpaka siku mbili tatu zimepita. Mwenye maradhi ya ini au mwili dhaifu apangiwe pungufu ya hapo na daktari.

Nguzo ya pili ni dawa moja ya kupunguza uvimbe: ibuprofeni, au diklofenaki, au naprokseni, au nyingineyo atakayoichagua daktari. Tumesema moja, nasi tunarudia: moja. Imwe baada ya chakula, na mara nyingi daktari huongeza dawa ya kulinda tumbo kama omeprazoli. Wapo madaktari wa upasuaji wanaotaka itumike kwa siku chache tu, kwa hadhari ya kutochelewesha kushika kwa kano mpya. Basi mgonjwa aulize kabla ya kutoka hospitali: niitumie kwa siku ngapi?

Kuhusu saa za kumeza, sisi tulio karibu na mstari wa Ikweta tumejaaliwa wepesi. Alfajiri, Adhuhuri na Magharibi hupishana kwa saa sita au saba hivi mwaka mzima. Mgonjwa akimeza parasetamoli kwa swala hizo tatu, kisha akaongeza ya nne saa sita za usiku, atakuwa ametimiza mara nne bila ya kuangalia saa. Siku tatu za mwanzo dozi ile ya saa sita usiku isiachwe, na mwenye kumuuguza amwamshe. Dawa ya uvimbe iende na mlo: baada ya kifungua kinywa na baada ya chakula cha usiku, au kama ilivyoandikwa kwenye cheti. Daftari dogo kando ya kitanda, lenye jina la dawa na saa iliyomezwa, huzuia mama asirudie dozi ambayo baba amekwisha kuitoa.

Makosa yanayoua figo na tumbo

Kosa kubwa linalofanyika majumbani ni kurundika dawa. Mgonjwa ameandikiwa diklofenaki, jioni ndugu akamletea ibuprofeni, usiku akachomwa sindano ya diklofenaki katika duka la dawa la mtaani. Majina ni mawili lakini kazi ni ileile, na madhara hujumlishwa: vidonda vya tumbo vinavyovuja damu, na figo kushindwa kazi. Vipo pia vidonge vya mchanganyiko ambavyo ndani yake mna diklofenaki na parasetamoli kwa pamoja, na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli. Soma kilichoandikwa kwenye karatasi ya dawa, au muulize mfamasia akusomee.

Wako watu ambao dawa za uvimbe haziwafai mpaka daktari aseme: mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo au ya moyo, mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mwenye pumu inayochochewa na dawa hizi, anayemeza dawa za kuyeyusha damu, na mama mjamzito. Hao wamweleze daktari hali zao mapema, kabla ya siku ya upasuaji, ili wapangiwe njia nyingine.

Barafu, mto na mazoezi

Dawa ni nusu ya kazi. Barafu iliyofungwa katika kitambaa, ikawekwa juu ya goti kwa dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, hupunguza uvimbe na maumivu. Isigusane na ngozi moja kwa moja, na ichungwe zaidi wakati mguu una ganzi, kwani mgonjwa hatahisi ikimuunguza.

Mguu uinuliwe juu ya usawa wa moyo, lakini mto uwekwe chini ya kisigino na tafu, si chini ya goti. Hapa huruma hutuponza. Goti lililokunjwa juu ya mto husikia raha, na mgonjwa akilala hivyo wiki nzima, goti huzoea kukunjika na hukataa kunyooka. Kovu hujijenga ndani, naye huchechemea, na pengine huhitaji kurudishwa chumba cha upasuaji ili likatwe.

Ndugu msomaji, hii ndiyo sababu ya mjadala wetu wote. Hatutoi dawa ili mgonjwa alale fofofo. Tunampa dawa ili aweze kulinyoosha goti, kuukaza msuli wa paja, kuchezesha kifundo cha mguu na kuinua mguu ukiwa umenyooka, kama alivyoelekezwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anayejinyima dawa huogopa mazoezi, na anayelewa dawa huyalalia. Goti la wote wawili hukakamaa. Amweze kumeza dozi yake kiasi cha dakika 40 kabla ya mazoezi, na ajue kwamba maumivu kidogo wakati wa kunyoosha si dalili ya kuharibika. Kipimo chema si kuuliza "unaumwa?" bali "umeweza kulala, na umeweza kufanya mazoezi?"

Na hapa tunawasihi mabibi zetu na wachuaji wa mitaani: goti lililotoka kupasuliwa halichuliwi. Mafuta ya moto, tende la chumvi na kukanda kwa maji ya moto huongeza uvimbe katika siku za mwanzo. Kuchua tafu lililovimba ni hatari zaidi, kwani huenda ndani ya mshipa mna damu iliyoganda, ikachomoka na kukimbilia mapafuni. Mafuta ya habasoda na ya zaituni yasubiri mpaka jeraha lifunge na daktari aruhusu.

Swala na saumu

Mgonjwa asiwe na wasiwasi juu ya ibada. Sharia imempa ruhusa ya kuswali kwa kukaa, na ya kuashiria rukuu na sijda, akiinama zaidi katika sijda. Bandeji ambayo haifai kulowa hupanguswa kwa mkono wenye maji wakati wa udhu, na kwa mafafanuzi ya madhehebu yake amuulize sheikh wake. Kulazimisha kupiga magoti kabla ya wakati si uchaji.

Lipo jambo ambalo wengi hawalifikirii mpaka wamechelewa. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, yaani sijda 34 kwa siku, mbali na sunna. Kano ikichukuliwa chini ya kifuniko cha goti, maumivu ya mbele ya goti wakati wa kupiga magoti hutokea zaidi, na huweza kudumu. Ikichukuliwa nyuma ya paja, tatizo hilo hupungua, ingawa nayo ina upungufu wake. Uchaguzi ni wa daktari na mgonjwa kwa pamoja, basi mweleze daktari wazi kabla ya upasuaji kwamba wewe hupiga magoti kila siku.

Vilevile, upasuaji huu mara nyingi si wa dharura. Panapowezekana, usipangwe kuingiliana na Ramadhani. Dawa za uvimbe juu ya tumbo tupu na mwili uliokaukiwa maji ni hatari kwa figo. Aliyefikwa na Ramadhani akiwa katika dawa hizo, ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye ipo kwa ajili yake.

Dalili zisizongoja asubuhi

Mrudishe mgonjwa hospitali bila ya kuchelewa ukiona mojawapo ya haya: homa pamoja na goti jekundu la moto au usaha, tafu limevimba na linauma, kifua kinabana au pumzi zinakatika, unyayo umekuwa baridi, umefifia rangi au haupati hisia hata baada ya ganzi kuisha, choo cheusi kama lami au kutapika damu, mkojo kupungua sana, au maumivu yanayozidi siku baada ya siku licha ya dawa kumezwa kwa saa zake. Maumivu ya namna hiyo yasinyamazishwe kwa kidonge kikali zaidi, kwani huenda ni mjumbe anayeleta habari.

Subira ya mgonjwa wa goti ni ndefu. Kurudi uwanjani huchukua miezi tisa au zaidi, na katika miezi hiyo atafanya mazoezi yaleyale maelfu ya mara. Subira hiyo ndiyo inayotakiwa kwake. Hii ya kukesha akiuma meno huku dawa iko mezani haimsogezi mbele, wala haimnyooshei goti.

Tunamuomba Allah (SW) awaponye wagonjwa wetu wote na awalipe kheri wanaowauguza. Amin. Wabillahi tawfiq.